Madam wa Maini ya Samaki

Ti. Ti. Ti.

Mpaka leo naisikia ile pampu ndogo ikisukuma maji ya chumvi ndani ya ini la samaki, taratibu, kama matone ya bati baada ya mvua kuisha. Pampu ikifanya kazi hakuna aliyeongea. Madam alisimama ameinama, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua, na ungeapa kwamba hapumui. Ini la ngege, yule tilapia wa ziwani, likifika mezani huwa la rangi ya kahawia, limejaa damu. Maji yanalipitia, damu inatoka, ini linafifia mpaka linakuwa kama chai iliyozidiwa na maziwa. Hapo ndipo Madam alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

"Asante, baba."

Alikuwa anamshukuru samaki. Awe dume, awe jike mwenye mayai, kwake wote walikuwa baba.

Namwita Madam kwa sababu sote tulimwita hivyo, kuanzia bawabu hadi wanafunzi waliotoka Kahawa Wendani kuja kujifunza kwake. Jina lake lilikuwa kwenye mlango wa maabara pale Ruiru, na cheo kirefu mbele yake, lakini sijawahi kulitamka, na kulitamka hapa nitaona kama namkosea heshima. Alitoka upande wa Busia, karibu na ziwa, akapanga nyumba Kimbo nyuma ya duka la mbao. Mengine ya ukoo wake sikuuliza. Mimi nilikuwa mlisha samaki. Nilimaliza kidato cha nne na gredi ambayo hata Cucu, nyanya yangu aliyenilea, alikubali tusiitaje mbele ya wageni. Madam hakuiuliza. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Unaweza kukaa kimya karibu na maji?" Nikasema naweza. Nilidanganya kidogo, mimi ni mtu wa kuimba, lakini samaki hawakulalamika.

Mabwawa yenyewe yalikuwa Gatuanyaga, kwa shamba la Cucu. Ngege hupenda joto, na kwetu jua si kitu cha kutafutwa. Madam alikodi kipande kile ambacho hata mahindi yalikikataa, akatandika karatasi nyeusi ya plastiki, akajaza maji ya kisima, akaweka vifaranga wa samaki wadogo kama kucha. Kazi yangu ilikuwa kuwalisha, kuwakuza, halafu wakifika kimo, kuwasindikiza kwa pikapu ndani ya mtungi wa maji hadi Ruiru. Unaelewa? Mimi ndiye niliyewalea na mimi ndiye niliyewapeleka. Nilikuwa nawaimbia njiani. Sijui kama hiyo inapunguza chochote.

Kuna watu husema usiwape majina wanyama wa kuchinja. Madam alisema kinyume. "Wape majina," aliniambia. "Siku utakayoua kitu kisicho na jina bila kushtuka, utakuja kunirudishia funguo." Na hakupenda kuua. Samaki mmoja alimtosha kwa kazi ya wiki nzima. Mwanafunzi akiharibu ini kwa haraka, Madam hakumpigia kelele. Alimwambia aende nyumbani apumzike, arudi akiwa na mikono yake. Hiyo iliuma kuliko matusi. Lakini mtu huyohuyo, kwenye simu na mwenye nyumba yake, alifoka mpaka glasi zikalia rafuni. Alichelewa kanisani, alichelewa arusi, alichelewa hata mazishi, lakini seli zake za maini hazikuwahi kumsubiri.

Kabla ya pampu, samaki alilazwa kwenye ndoo yenye mafuta ya karafuu. Analewa, anainama ubavu, anasinzia, halafu hajui tena. Ndiyo maana maabara yetu ilinukia pilau, na wageni waliingia wakimeza mate. Mimi siku hizi pilau ya arusi hunishinda. Watu hufikiri naringa.

Siku za kwanza nilimuuliza, "Madam, unatafuta nini huko ndani ya ini?" Mwingine angesema hutaelewa. Yeye aliacha kila kitu, akachovya kidole kwenye maji akachora juu ya meza.

"Damu ni maji. Mafuta na maji?"

"Hayapatani."

"Basi mafuta yatasafirije ndani ya damu?"

Nikakuna kichwa. Nikasema labda yanafungwa na kitu. Aliruka huyo mama! Akanishika mabega kama nimeshinda ng'ombe. Ndiyo, akasema, yanafungwa. Ini ni jikoni. Linachukua mafuta pamoja na kolesteroli, ile ambayo kliniki wanatutisha nayo, linavifunga na protini, linatengeneza vifurushi, linavituma kwenye damu viende kwa mwili. Vifurushi vikubwa vina protini moja ndefu sana. Kwa binadamu, aliniambia, seli ya ini huanza kuishona hiyo protini kama gunia, na mafuta yakikosekana inalifumua gunia lilelile kabla halijatoka mlangoni. Haitumi gunia tupu. Yeye alitaka kujua kama ini la ngege nalo linafumua, na lini, na nani analiamuru. Huko ndiko maisha yake yalikokwenda. Kulikuwa na wengine mjini waliojenga nyumba za ghorofa. Yeye alitaka kujua kuhusu gunia.

"Na milango je?" aliniuliza siku nyingine, kwa sababu alipenda kuuliza kabla ya kueleza. Juu ya seli kuna milango ya kupokea vifurushi vinavyorudi. Seli ikishiba kolesteroli inapunguza milango. Ikiwa na njaa inaongeza. Nilimwambia hata mimi ndivyo ninavyofanya jirani akipika chapati. Alicheka mpaka akavua miwani.

Nilikuwa na ndoto nyingi, na yeye peke yake hakuzicheka. Nilimwambia nitafungua hoteli ya samaki Thika, yenye bwawa katikati, watu wakila huku ngege wakipita chini ya kioo. Akafikiri. "Maji utatoa wapi?" Nilimwambia nitazunguka ziwa lote kwa mguu. "Viatu?" Hivyo ndivyo alivyoheshimu ndoto: aliziuliza maswali kama anayeamini zitatokea.

Ini likishaoshwa, linapewa dawa ya kuyeyusha kile kinachozishikanisha seli, nazo zinaachana, moja moja. Anaziweka kwenye sahani ndogo yenye chakula chake, kwenye kabati la joto la bwawa. Siku moja aliniita nichungulie kwenye hadubini. Nikaziona, za mviringo, zimejipanga kama punje za njugu kwenye uteo. Samaki mwenyewe nilikuwa nimemzika juzi.

"Bado zinapika?" nikauliza.

"Bado. Maji yao yamejaa vifurushi. Nimepima asubuhi."

"Zinampikia nani?"

Madam akafunga kabati polepole. "Usiniulize hivyo kabla ya chai," akasema.

Sasa Cucu.

Lazima mjue kwamba wazee wetu hawakula samaki. Kwa Cucu, samaki alikuwa nyoka aliyenyimwa urefu. Alikubali mabwawa kwa sababu shamba lile halikuwa na kazi nyingine, lakini alipita mbali nayo, na leso ameishikia puani. Madam aliichukua hiyo kama mtihani wake mwingine. Kila Ijumaa alikuja kuangalia samaki, na kila Ijumaa aliketi kigodani karibu na Cucu kabla ya kuondoka.

"Daktari, hiyo kitu yako inakuangalia mpaka ikiwa kwa sahani," Cucu alimwambia.

"Cucu, hata mbuzi ana macho."

"Mbuzi ana adabu. Anafunga."

"Nitamkata kichwa basi, usimwone."

"Ngai! Mtu wa ziwa, sasa unataka nile kitu hata sijui ilikuwa inafikiria nini?"

Waliendelea hivyo kutoka mvua hadi kiangazi. Mwishowe Madam alikaanga mmoja mwenyewe, jikoni kwetu, kwa nyanya na dania, bila kichwa. Cucu akaonja mkia. Akatafuna kwa muda, uso haujasema kitu. "Ni mbaya," akasema. Halafu, "Leta huo upande mwingine nione kama nao ni mbaya." Madam aliondoka siku hiyo akiimba wimbo wa kwao juu ya bodaboda, mkoba umemning'inia begani, na mimi nikasimama barabarani nikimpungia mkono mpaka vumbi likatua.

Tangu hapo wakawa marafiki wa kutukanana. Na Madam akishakuwa rafiki yako, anakupa alichonacho, na alichokuwa nacho ni maini. Alimweleza Cucu yote aliyonieleza mimi. Alimwambia kwamba ngege ana kolesteroli nyingi kwenye damu kuliko mtu.

"Na hafi?"

"Hafi kwa mishipa kuziba, mara nyingi. Anakufa kwangu."

Akaeleza kwamba kuna vifurushi vingine, vidogo, ambavyo kazi yake si kupeleka bali kurudisha. Vinatoka karibu vitupu, vinazunguka mwilini vikiokota mafuta yaliyozidi, vinayaleta nyumbani kwa ini. Samaki wengi wanavyo kwa wingi. Cucu alisikiliza, mikono imeshika bakuli la uji.

"Hiyo ni kiondo," akasema. "Ukitembelewa na kiondo, huwezi kuirudisha tupu. Unaweka hata viazi mbili."

Madam alipiga paja lake. "Kiondo!" Akaanza kuwafundisha wanafunzi wake hivyo. Kijana wa Wendani aliyeandika neno hilo kwenye mtihani alipata alama zote. Mimi nilikaa katikati ya hao wanawake wawili, mmoja wa shule nyingi na mwingine wa jembe, nikaona moyo wangu umejaa kama bwawa lililopata mvua. Nilifurahi mno. Furaha hiyo ndiyo inayonichoma sasa nikiikumbuka, maana Cucu alikuwa anasikia kitu kingine.

Cucu alikuwa na presha, na tembe za kolesteroli alizopewa kliniki, akaambiwa ni za maisha. Baada ya yale mazungumzo alianza kuniomba supu ya samaki. Halafu akaomba ini liwe ndani. Halafu akataka maini mawili, matatu. Tulidhani ulimi umefunguka. Madam alifurahi kama mama aliyeona mtoto mgonjwa anaomba chakula. Alimwekea maini ya samaki wa bwawani, wale ambao hawakuwahi kuguswa na dawa yoyote, akayafunga kwa jani la mgomba. Nikayapika mimi, kwa mkono huu. Nilimchagulia yale makubwa.

Alianguka asubuhi akichambua maharagwe. Uteo uliinama upande mmoja, nikadhani amesinzia, halafu nikaona mdomo nao umeinama. Jirani alitupeleka Thika kwa gari lake la kubebea nyasi. Hospitalini nesi aliuliza kama mgonjwa ana dawa anazokunywa. Cucu, ulimi mzito, akasema, "Niliacha."

"Kwa nini, Cucu?"

"Nakula ini ya samaki."

Nesi aliniangalia kama muuza dawa za mnadani. Cucu akajieleza, neno kwa neno, mate yakimtoka pembeni, na hakuona haya, maana kwake hesabu ilikuwa safi. Si kliniki hiyohiyo ilimwambia mamangu, alipokuwa na mimba yangu na damu imepungua, ale maini? Na damu haikurudi? Basi kama maini ya ng'ombe huongeza damu, na ini la samaki linajua kurudisha mafuta kuliko la mtu, anayetaka mafuta yarudishwe ale nini? Tembe alikunywa miaka yote bila kuona zinafanya nini. Ini alijua linafanya nini. Alikuwa ameelezwa vizuri.

Madam alikuwepo. Alikuwa amekuja mbio kutoka Ruiru na koti la maabara bado mwilini. Aliposikia hilo la kuelezwa vizuri, alitoka nje ya wodi, akasimama kwenye ukumbi uso ukielekea ukuta. Nikamfuata.

"Ni mimi," akasema.

"Hapana, Madam. Mimi ndiye niliyepika."

"Wewe ulipika nilicholeta."

"Ningemuuliza dawa ziko wapi."

"Mimi ndiye mwenye kujua maini!"

Tulibishana hivyo, kila mmoja akivuta mzigo upande wake, mpaka mama wa usafi akatuambia kama hatutaki kugawana tuinue miguu apige deki.

Kuanzia siku hiyo mtu niliyemjua alifunga mdomo. Kazi aliendelea nayo. Pampu iliita, ini lilififia, seli zilikaa kabatini. Lakini mwanafunzi akiuliza swali, Madam alimjibu, "Soma kitabu." Shule moja ya msingi ya Kimbo iliomba kuleta watoto waone samaki, akakataa. Gatuanyaga hakuja tena. Alituma dereva wa pikapu. Nikimletea chai alinishukuru bila kuniangalia. Siku moja niliuliza kitu kidogo kuhusu milango, nikitaka tu kumchokoza aongee kama zamani. Akaweka kikombe chini.

"Mdomo wangu ni sumu kwa watu wa kawaida," akasema. "Nitaongea na wenye mashine kama hizi tu."

"Na mimi ni nani?"

Alirudi kwa hadubini. Nilienda kuosha glasi nikaziosha mara ya pili.

Nyumbani nako kulikuwa na vita vingine. Cucu alirudi na mkono wa kushoto usiomtii na maneno yanayotoka moja moja, lakini kichwa kilekile. Aligoma kunywa tembe. Za presha alikubali, kwa sababu mashine ya kupima alikuwa anaiona ikishuka. Zile za kolesteroli alizisukuma kando.

"Nilikunywa za kwanza bila kujua zinaenda wapi. Ini nilikula nikijua, nikaanguka. Sasa mnataka nimeze tena kitu sijui? Aje yule mtu wa ziwa aniambie."

Daktari wa kliniki alimweleza, akaambiwa asante. Pasta alimweleza, akaambiwa aombe. Nami nikajaribu, na michoro ya maji mezani. Cucu akanishika shavu. "Mami, wewe ukiongea kila kitu inakuwa nzuri. Siwezi kunywa dawa kwa sababu wewe unacheka." Kliniki walituonya: akianguka tena, huenda asiinuke.

Basi nikawa mtu wa kubeba maneno kati ya Gatuanyaga na Ruiru, na pande zote mbili nilirudi mikono mitupu. Nilimwambia Madam Cucu anamtaka. Alisema niende kwa daktari. Nikamwambia daktari amekataliwa, hata pasta. Akaanza kupanga sahani zilizokuwa zimepangika tayari.

"Nikimwambia tena nikakosea?"

"Lakini hukukosea, Madam. Kila neno ulilosema lilikuwa kweli."

"Hiyo ndiyo inaniogopesha zaidi," akasema. "Uongo ningeufuta."

Mimi ni mtu wa kucheka. Kila anayenijua atawaambia. Siku hiyo sikucheka. Nilimwambia, "Seli unazisubiri kutwa nzima zikujibu. Cucu anakusubiri tangu tulipovuna maharagwe." Nikatoka mbio kwenda kwa matangi ya samaki, maana sijawahi kumjibu mkubwa hivyo. Nikawaza nimepoteza kazi, nimepoteza na Madam. Nililisha tangi moja mara mbili kwa kusahau.

Alikuja Jumamosi. Sikumtegemea. Alishuka kwenye bodaboda na vumbi hadi nyusi, kabeba unga na sukari kama mtu anayejua kuzuru, na nikaona mara moja kwamba hakubeba samaki. Cucu alikuwa nje ya jikoni, kwenye kiti chake, jua limemfunika magoti.

"Umekonda," Cucu akasema.

"Wewe ndiwe umekonda."

"Mimi niko na sababu."

Madam hakuketi. Alipiga goti kwenye vumbi, kama wanavyofanya kwao mbele ya mkubwa, akainamisha kichwa. Sauti ilimtoka nyembamba. "Cucu, nimekuja kuomba msamaha. Mimi ndiye nilikuangusha."

Cucu aliweka bakuli la uji chini. Mdomo wake siku hizi unachukua wakati kuamka.

"Ati wewe. Nani alificha tembe kwa mkebe ya majani ya chai? Nani alidanganya kliniki anakunywa? Ni mimi. Na wewe unataka hata hiyo ikuwe yako?" Akapumua. "Nyinyi watu wa shule mnapenda kila kitu ikuwe yenu. Niachie kosa yangu. Nilikosea na akili yangu, si na yako. Inuka, unaharibu sketi."

Madam aliinuka. Alikuwa analia na kucheka pamoja, akajifuta kwa ncha ya leso ya Cucu bila kuomba ruhusa. Nikamletea kigoda.

"Sasa niambie," Cucu akasema, akainua tembe kwa vidole viwili. "Hii inaenda wapi?"

Kuku walipita. Nikamwombea Madam kimoyomoyo.

"Inaenda kwa ini lako," akasema. "Lako, Cucu. Si la samaki."

"Inafanya nini huko?"

"Ini lako linatengeneza kolesteroli lenyewe, hata usipokula mafuta. Tembe inaliambia lipunguze. Ini likiona imepungua ndani yake, linaongeza milango, linachukua ile iliyo kwenye damu. Damu inabaki na njia."

"Na ile ini nilikula?"

"Ilifika tumboni ikawa chakula. Kama nyama yoyote. Haikujua tena kazi yake."

Cucu alifikiri. "Kwa hivyo nikila fundi wa nguo, sitajua kushona."

"Hutajua hata kutia uzi kwa sindano."

Wakacheka hao wawili mpaka Cucu akakohoa. Lakini Madam hakuridhika. Hapo ndipo nilipomwona akifanya kitu ambacho hakuwahi kufanya zamani, alipokuwa anamwaga maneno na kupanda bodaboda akiimba. Alisogeza kigoda karibu. "Sasa wewe nieleze mimi. Kama vile mimi sijui."

Cucu akaeleza. Ini lake, tembe, milango, njia. Vizuri kabisa. Halafu akamalizia, "Na mafuta ikiisha, ninaacha."

"Hapana!" Madam aliruka karibu amwage uji. "Ukiacha, ini linarudi kwa tabia yake."

"Hata nikiwa mzima?"

"Utakuwa mzima kwa sababu unakunywa."

"Aaa. Hiyo hukuwa umesema."

"Sikuwa nimesema," Madam akakubali. Akamfanya aeleze tena kutoka mwanzo, na safari hii haikubaki shimo. Ndipo Cucu akasema, "Mami, lete maji." Akaitia ile tembe mdomoni, akameza, akakunja uso kama amelishwa samaki na kichwa chake.

Nilidhani hapo tumefika. Nilikuwa tayari kuimba. Lakini Cucu si mtu wa kumeza kitu akaacha swali kwa koo.

"Mimi nimekula githeri maisha yangu yote. Nyama ni Krismasi. Ini yangu ilikosea wapi?"

"Pengine haikukosea," Madam akasema, na sasa maneno aliyachagua kama anayetoa mifupa. "Kuna watu wanazaliwa milango ikiwa michache. Mtu anaipata kwa mzazi wake. Sijui kama ni wewe. Nasema tu iko."

Cucu akatazama mkono wake usiomtii. "Mama ya huyu alianguka kiwandani, hakuinuka," akasema polepole. "Alikuwa bado msichana. Walisema ni moyo."

Hakuna aliyenitazama, na hivyo ndivyo nilivyojua wananifikiria mimi. Nikaiona ile hali ikianza upya kwenye uso wa Madam, ya mtu anayejiandaa kuchukua mzigo, kana kwamba yeye ndiye aliyeliumba ini la mamangu. Nikaiona kwa Cucu pia, maana damu hiyo ilitoka kwake. Nami nilihisi vibaya kuwa ndiye sababu ya nyuso hizo, siku niliyotaka wafurahi. Nikasema chai imechemka. Moto ulikuwa haujawashwa.

Madam bado yuko Ruiru, na siku hizi anakuja Ijumaa. Shule ile ya Kimbo ilileta watoto, na aliwashika mpaka mwalimu wao akawa anaangalia saa, kwa sababu kila mtoto ilibidi aeleze upya alichosikia. Aliniahidi ataniuliza na mimi jambo moja, akipata ujasiri, na nikajifanya sijui ni lipi.

Jumatatu nilishuka Thika peke yangu. Sikumwambia Cucu wala Madam. Najua wangegombania nani aanze kuniomba msamaha. Kwenye kliniki, dada wa kupima damu, wa umri wangu, aliniuliza kama nimekula. Nikamwambia sijaonja kitu tangu jana. Nikakunja mkono wa sweta mpaka juu ya kiwiko, nikaulaza mkono wangu mezani.